Mwenda wa Bayeke: kutoka Bunkeya hadi studio ya Cape Town

Mwanamuziki akishafika uzeeni, mara nyingi watu humtaka arudie zile nyimbo alizoimba ujanani, na yeye mara nyingi hukataa, kwa kuogopa kufananishwa na kivuli chake mwenyewe. Mwenda Jean-Bosco hakukataa. Mwaka 1988, akiwa na miaka 58, aliingia studio mjini Cape Town, Afrika Kusini, akarekodi albamu iliyobeba jina alilolichagua mwenyewe: Mwenda wa Bayeke. Miaka miwili baadaye alikuwa amekufa. Katika makala hii nitayasimulia maisha yake, kisha nitaeleza kwa nini ninaamini kwamba albamu ile ya uzeeni inatuhusu sisi tunaosoma lugha, hasa sisi tuliotoka Lualaba.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Bunkeya, kaskazini ya mji unaoitwa leo Likasi. Kwa mgawanyo wa majimbo uliofanywa mwaka 2015, Bunkeya imo katika jimbo la Lualaba, ambalo makao yake makuu ni Kolwezi, mji nilikozaliwa mimi. Watu wengi wanaosikia jina la Kolwezi siku hizi hufikiria kobalti na malori. Ni wachache wanaojua kwamba jimbo hilohilo ndilo lililomzaa mpiga gitaa aliyesikilizwa kutoka Johannesburg hadi Nairobi.

Bunkeya si kijiji cha kawaida. Katika karne ya 19 ilikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Usumbwa katika nchi ya Wanyamwezi, ambayo leo ni magharibi mwa Tanzania. Msiri alijenga ufalme uliotajirika kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa, na watu wake wakaitwa Bayeke. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na mmoja wa maofisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuiteka Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina lake kamili lilianza na Mwenda, na machifu waliomfuata waliendelea kulibeba jina hilo. Kwa hiyo kijana aliyepewa jina la Mwenda pale Bunkeya alipewa pia historia nzima. Na aliposhika jina la Mwenda wa Bayeke katika miaka ya 1970, wakati Rais Mobutu alipowataka raia wote waache majina ya Kikristo, hakuwa na kazi ya kubuni jina jipya. Alilirudia la nyumbani.

Ujana wake ulipita katika miji ya migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kuigeuza Katanga kuwa nchi ya reli, tanuru na kambi za wafanyakazi. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliwaruhusu waishi kambini pamoja na wake na watoto wao, ili wasirudi makwao kila mkataba ulipokwisha. Kolwezi nayo ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi. Katika kambi hizo Mbemba, Mluba, Msanga, Mlunda na Myeke walihitaji lugha moja ya kufanyia kazi, kuoa, kugombana na kupatana. Lugha hiyo ikawa Kiswahili.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha kwamba Kiswahili cha Katanga kilikuzwa zaidi na mahitaji ya migodi, misheni na serikali kuliko na misafara ya biashara iliyotoka pwani. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ingawa mtu wa Bunkeya hawezi kusahau kwamba babu zake walitoka mashariki. Lililo muhimu kwetu ni kwamba lugha hiyo haikubaki amri ya bosi. Watoto waliozaliwa kambini waliifanya yao. Tunasema mutoto na batoto, tunasema katoto tukimaanisha mtoto mdogo, na tunasema banakuya pale ambapo mtu wa Dar es Salaam angesema wanakuja. Mwenda aliimba katika lugha hiyo, pamoja na lugha nyingine za nyumbani kwake.

Mwanzoni mwa mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake kukusanya muziki, alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Huko alimkuta Mwenda, kijana wa miaka 22, na gitaa lake. Alimrekodi, na santuri zikatolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg kwa chapa ya Gallotone. Wimbo mmoja kati ya hizo, Masanga, ulipewa tuzo ya Osborn kama rekodi bora ya muziki wa Afrika kwa mwaka huo wa 1952. Jina lake la awali lilikuwa Masanga Njia, na kwa Kiswahili cha kwetu masanga ya njia ni njia panda, mahali watu wanapokutana.

Anayeusikiliza wimbo huo kwa mara ya kwanza hudhani kuna magitaa mawili. Lipo moja tu. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba hutembea kwenye nyuzi nene kwa mwendo wake, na kidole cha shahada huimba kwenye nyuzi nyembamba kwa mwendo mwingine, na miendo hiyo miwili haifuati hesabu moja. Mtindo huu ulikuwa wa wapiga gitaa wengi wa Katanga wakati ule, ambao mara nyingi walisindikizwa na mwenzao aliyegonga chupa tu. Lakini Mwenda aliupeleka mbali kuliko wengine. Kila ubeti wa Masanga huja na mabadiliko madogo kwenye gitaa, kiasi kwamba mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika makala ya sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962, katika jarida la African Music, akiyachambua mabadiliko hayo noti kwa noti. Wachache sana kati ya wanamuziki wa Afrika wa kizazi chake walipata heshima hiyo wakiwa bado vijana.

Maneno ya nyimbo zake ni jambo jingine. Masanga hausimulii kisa kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hupita kutoka picha moja hadi nyingine, kama mtu anayetembea mtaani na kuwasalimu anaokutana nao. Nyimbo nyingine zina mafundisho: mapenzi, pesa, wazazi, ulevi, heshima ya mtu aliyehamia mjini. Babu yangu, nkambo kama tunavyosema kwetu, alifanya kazi ya mgodi huko Kolwezi, na aliniambia kwamba jioni za Jumamosi santuri hizi zilisikika kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuwa mtu wa muziki. Alizipenda kwa sababu zilisema kwa maneno aliyoyatumia yeye kwa mkewe na kwa wanawe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi. Matangazo ya redio yalikuwa yanaanza kuwatumia wanamuziki, na yeye alishika kipindi cha kutangaza dawa ya maumivu ya Aspro. Binamu yake, Edouard Masengo, ambaye pia alikuwa mpiga gitaa wa kutajika, naye alifika Nairobi na kuimbia Coca-Cola. Ukaaji wa Mwenda haukuwa mrefu, lakini athari yake ilidumu. Vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa lisilo la umeme walimsikiliza redioni na kuiga vidole vyake. Wakenya hawakuelewa kila neno la Kiswahili chake, ila walielewa cha kutosha. Hapa pana somo kwetu: Kiswahili cha migodi, ambacho hakikuwa na kamusi wala kamati, kilivuka mpaka kwa nguvu ya wimbo, kikapokelewa katika nchi yenye Kiswahili chake.

Kisha siasa ikaingia. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kuitenga Katanga. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Bunkeya. Utengano ulidumu hadi Januari 1963. Rekodi za Mwenda kwa Gallotone nazo zinaishia kwenye mwaka 1962. Muziki pia ulikuwa umebadilika: bendi za Léopoldville zenye magitaa ya umeme, saksafoni na Kilingala zilikuwa zimeshika redio zote. Mtu mmoja mwenye gitaa moja alionekana wa zamani akiwa na miaka 32 tu.

Hakufa njaa, wala hakungoja kuhurumiwa. Aliishi Lubumbashi na kufanya kazi za ofisini, benki na baadaye katika Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967. Alisimamia kundi la muziki, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1969 alialikwa Marekani katika tamasha la Newport, lile ambalo miaka minne kabla Bob Dylan alikuwa amezomewa kwa kupiga gitaa la umeme. Mwenda alifika na gitaa la kawaida. Huko ndiko kulikokuwa na watu waliolitafuta gitaa la namna hiyo, wakati nyumbani watu walikuwa wakilitupa.

Miaka ya 1970 ilikuwa mizito kwa eneo letu. Mwaka 1971 Katanga ilipewa jina la Shaba, labda jimbo pekee duniani kuitwa kwa neno la Kiswahili la madini yake. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, na shaba nyingi ikalazimika kupita kusini. Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Shaba, na Mei 1978 waliiteka Kolwezi yenyewe. Wazee wa kwetu bado wanauhesabu umri wa watoto kwa vita hivyo. Wakati huohuo wageni wachache walianza kuja kuwatafuta wapiga gitaa wa zamani. Mmoja wao, John Low, alichapisha mwaka 1982 kitabu kidogo cha safari yake ya Shaba, kilichomweka tena Mwenda, pamoja na Masengo na Losta Abelo, mbele ya wasomaji wa ng'ambo. Kwa hiyo alipofika Cape Town mwaka 1988 hakuwa ametoka kaburini. Alikuwa mzee mwenye kazi, mwenye mali kidogo na mwenye jina, aliyejua alichokuwa akikifanya.

Kuna jambo la kusemwa wazi kuhusu safari hiyo. Mwaka 1988 Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi, Nelson Mandela alikuwa mfungwa, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii, tangu mwaka 1980, wasishirikiane na nchi hiyo. Miaka miwili kabla, Paul Simon alikuwa ameshutumiwa vikali kwa sababu ya Graceland. Mtu anaweza kumlaumu Mwenda pia, na lawama hiyo si ya bure. Lakini anayemlaumu na aiangalie ramani. Santuri zake za kwanza zilitolewa Johannesburg. Maktaba ya muziki iliyoundwa na Tracey, inayozihifadhi rekodi zake, iko Afrika Kusini. Shaba ya Kolwezi ilipita njia hiyohiyo hadi bandarini. Sauti ya Katanga na madini ya Katanga vilisafirishwa kwa barabara moja tangu ukoloni, na nchi yetu haikuwa imejenga barabara nyingine. Sioni haki ya kumtoza mpiga gitaa mmoja deni ambalo serikali na kampuni hazikulilipa.

Sasa tuisikilize albamu yenyewe. Sauti imeshuka na kuwa nzito. Kasi imepungua kidogo. Vidole ni vilevile viwili, na mahali ambapo kijana wa 1952 alikimbia, mzee anatulia na kuiacha noti imalizike. Anazirudia baadhi ya nyimbo zake za zamani, na mtu mvivu atasema kwamba alikuwa amekosa jipya. Mimi nasema kuna tofauti kubwa kati ya nyimbo hizo mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya kwanza mgeni mwenye mashine alipita mjini, akachagua cha kurekodi, akaondoka nacho. Mara ya pili Mwenda aliingia studio akiwa na jina lake kamili, si Bosco wa wamisionari bali Mwenda wa Bayeke. Alikuwa na muda wa kuamua wimbo uanzeje na uishie wapi. Johnny Cash, mwimbaji wa Marekani, alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1994, alipokaa na gitaa lake peke yake na kuwashangaza watu waliodhani amekwisha. Ulimwengu mzima ulilizungumzia. Mwenda alikuwa amemtangulia kwa miaka sita.

Na lugha? Hapa ndipo ninapomtaka msomaji anisikilize. Katika miaka ile 36 Kiswahili sanifu kilikuwa kimekua, kimepata taasisi, kamusi na vitabu vya shule. Mwenda alikuwa ameishi Nairobi, angeweza kukisafisha Kiswahili chake kwa ajili ya soko la mashariki. Hakufanya hivyo. Mzee anaimba kama kijana alivyoimba, kwa matamshi ya Likasi na Bunkeya. Nilipokuwa sekondari, mwalimu mmoja alikuwa akinisimamisha darasani kila niliposema mutoto, wenzangu wakacheka, hadi nikajifunza kunyamaza. Wengi kati yetu tuliofika kitivo hiki kutoka Kolwezi, Likasi au Lubumbashi tumepita njia hiyo. Tumefundishwa kwamba lugha ya mama zetu ni makosa ya lugha ya wengine. Albamu hii ni ushahidi kinyume chake. Ndani yake kuna upatanisho wa ngeli, kuna udogo unaoonyeshwa kwa ka- na tu-, kuna utaratibu unaofuatwa kutoka wimbo hadi wimbo na kutoka mwaka 1952 hadi 1988. Kitu chenye utaratibu wa miaka 36 hakiwezi kuitwa kosa.

Siandiki haya ili kukishusha Kiswahili sanifu. Ninakitumia sasa hivi, nakipenda, na bila hicho msomaji wa Mombasa au Zanzibar asingenifikia. Ninachokidai ni kwamba lugha yenye watu wengi ina vyumba vingi, na chumba chetu kina kazi ya sanaa iliyotambuliwa duniani miaka mingi kabla hatujazaliwa.

Mwenda alifariki Septemba 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia, akiwa na miaka 60. Kampuni ya Rounder ya Marekani iliitoa albamu ya Cape Town kwa wasikilizaji wa ng'ambo baada ya kifo chake. Mwaka ule wa 1990 ulikuwa wa misiba kwa eneo lote. Mwezi Mei wanafunzi waliuawa usiku katika bweni za Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na idadi yao hadi leo inabishaniwa. Septemba hiyohiyo aliyokufa Mwenda, sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, pale Kolwezi, ilibomoka chini ya ardhi, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa karibu tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukaporomoka. Katika kelele hizo kifo cha mpiga gitaa mmoja kilipita kimyakimya. Babu aliniambia kwamba yeye alisikia habari hizo kwa kuchelewa, kutoka kwa dereva aliyetoka Kasumbalesa.

Leo mtu anayetaka kusikia rekodi za Mwenda za miaka ya 1950 atazipata kwa urahisi zaidi akiwa Ulaya, Marekani au Afrika Kusini kuliko akiwa Bunkeya. Jambo hilo halitarekebishwa na makala moja ya mwanafunzi. Lakini kitivo cha lugha kina uwezo wa kufanya jambo moja ambalo kampuni za santuri hazikulifanya: kuyaandika maneno ya nyimbo hizi kama yalivyoimbwa, bila kuyasahihisha, na maelezo kando yake kwa Kiswahili sanifu, ili yasomwe kama matini nyingine tunazozisoma. Kazi hiyo inawahitaji wazee waliozisikia nyimbo zikiwa mpya, wanaojua neno fulani lilikuwa la Kisanga au la Kibemba, na mzaha uliokuwa nyuma yake. Babu yangu alikufa kabla sijamuuliza hata wimbo mmoja kwa ukamilifu. Wazee wengine bado wapo Kolwezi, Likasi na Bunkeya, na likizo ndefu inaanza Julai. Wenzangu wa Lualaba watakaorudi nyumbani, na wachukue simu zao na daftari, waketi nao.